Mwenye Kuhesabu Aangaliwe

Siku tuliyomzika Mama Prezidante, waliomfungia kasho, ile jela ya mji, ndio waliolia kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilikuwa nyuma, kati ya madereva wenzangu wa pikipiki, nikawasikia wakipokezana kipaza sauti: alikuwa mama wa amani, alikuwa nguzo ya mji wetu wa Mubi, alipenda ukweli. Mkubwa mmoja wa utawala, yule yule aliyetoa amri afungwe, alisema tutamkosa sana. Nilitamani kurusha jiwe. Sikurusha, kwa sababu padri alikuwa karibu, na kwa sababu marehemu mwenyewe angenigombeza kwa kuharibu mkutano uliokuwa na utaratibu. Lakini hasira ile sijaituliza hadi leo, na ninaandika nikiwa nayo. Waliomsifu walimsifu mama mwingine, mpole, wa kutabasamu. Niliyemjua mimi hakuwa mpole hata kidogo.

Jina la Prezidante alilipata kwa kazi ya siku moja, alipoongoza biro, yaani kituo cha kupigia kura, katika uchaguzi mmoja wa nchi. Siku ikaisha, jina likabaki. Kazi yake ya kila siku ilikuwa duka. Alikuwa mmoja wa wale Wakatoliki waliokuja kutoka upande wa Butembo wakafungua biashara kando ya barabara ya msitu: chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, betri, viberiti. Alipopima chumvi alikwangua juu ya kikombe kwa kisu ili isizidi hata punje. Alichelewa misa kila Jumapili, kisha akakaa mbele. Wasichana waliomsaidia nyumbani hawakudumu, kwa ule mdomo wake. Nayasema haya mapema asije mtu akafikiri naandika habari za mtakatifu.

Mimi nilifika Mubi, huku Walikale, kutoka Ngungu, huko kusini ya Masisi, nikiwa na pikipiki na mke mwenye mimba. Mashamba yetu ya viazi tuliyaacha yakiwa na maua. Mama Prezidante ndiye aliyenipa mzigo wa kwanza kubeba, na baadaye akaniamini kumbeba yeye mwenyewe, maana watu walikuwa wakimwita huku na huku kusimamia kura ndogo: komite ya wazazi wa shule, halmashauri ya parokia, chama cha wakulima. Hakuna aliyempa cheo hicho. Watu walikuwa wamechoka tu kugombana baada ya kila uchaguzi, na walijua kwamba akihesabu yeye, ugomvi unaisha.

Mwanzoni nilimcheka. Mwaka ule nchi nzima ilipopiga kura, sisi wa Masisi hatukupiga. Kulikuwa na bunduki, tukaambiwa tungoje, na tukangoja tukiwa chini ya maturubai, tukisikiliza redioni watu wengine wakichagua kwa niaba yetu. Mtu aliyekosa kura ile, kura ya wazazi wa shule itamwambia nini? Nilimwambia hivyo tukiwa njiani, kwa Kiswahili chetu cha huku, ambamo "ndiyo" ni "njo" na "watu" ni "batu".

"Mama, ile ya nchi njo kura. Hizi zako ni michezo."

"Ile kubwa balikukatalia," akasema mgongoni pangu. "Na hii kidogo unajikatalia wewe mwenyewe? Sasa utabaki na nini?"

Niliongeza mwendo.

Safari ninayoikumbuka zaidi ni ya Kalembe, kule mpakani mwa Masisi na Walikale, ambako wazazi walitaka kuchagua komite ya shule. Njia ni matope na madaraja ya magogo. Kwenye kila daraja alifumba macho, akashika rozari kwa mkono mmoja na shati langu kwa mkono wa pili, akasali na kunitukana kwa pumzi moja: "Salamu Maria, umejaa neema, polepole, we mujinga! Bwana yu nawe." Tulipofika tulikuta kura zimekwisha kupigwa na katekista ameanza kuzihesabu ndani ya kanisa, akiwa ameinamia meza, mgongo wake kwa watu.

"Geuza kiti," Mama akasema akiwa bado mlangoni, matope mpaka magotini.

"Mama, mimi ni katekista."

"Njo maana. Mutu wa Mungu akishukiwa, aibu inafika mpaka kwa Mungu. Geuza."

Katekista akageuza kiti. Akaanza upya, akiinua kila karatasi juu, na watu wakaitikia kila jina. Matokeo yalikuwa yale yale ambayo angeyapata akiwa amegeuka ukutani. Ila safari hii hakuna aliyeondoka akinong'ona.

Siku hiyo hiyo walifika vijana wenye bunduki, wakasimama kwenye kiwanja cha kanisa, wakasema wamekuja kulinda usalama. Sisi sote tulitazama chini. Mama akawaendea, mikono kiunoni.

"Bana yangu, asante ya kutulinda. Sasa mulinde toka kule, ku barabara. Hapa mutu anaogopa kusema."

Walicheka. Mmoja aliuliza huyu mama ni nani. Lakini mkubwa wao akafanya ishara kwa kidevu, wakaenda barabarani. Tulipokuwa tukirudi, baada ya kilima cha kwanza, aliniomba nisimame. Aliketi kwenye majani, na mikono yake ilitetemeka hata chupa ya maji ikamshinda kufungua. Nilimfungulia. "Usiambie mutu," akasema. Nimeficha miaka yote hiyo. Leo nasema, kwa sababu wale waliosema makaburini kwamba hakujua woga walimnyima sifa yake kubwa.

Alikuwa na maneno yake machache aliyoyarudia mpaka yakatuchosha. Moja lilikuwa hili: "Kupiga kura iko sawa kuoga, kila mutu pekee yake. Kuhesabu iko sawa kuanika nguo, bote baone." Jingine alilisema kabla ya kila hesabu, akisimama mbele ya watu na kuonyesha viganja: "Musiniamini. Muniangalie. Mwenye kuhesabu njo wa kuangaliwa kuliko bote."

Watu walidhani ni unyenyekevu. Haukuwa. Ukitaka kujua maana yake ilibidi ucheze naye dame, ile drafti. Jioni, duka likipoa, alicheza na madereva wa malori kwa vifuniko vya chupa kwenye ubao uliochorwa mkaa, na alikuwa mwizi asiye na haya. Alikuwa akikuuliza habari za mke wako huku kidole chake kidogo kikisukuma kifuniko. Ukimkamata, anaapa kwa Bikira Maria. Ukimkamata mara ya pili, anapindua ubao na kusema mvua inakuja. Siku moja nilimuuliza, mtu kama yeye, anayekesha kwa ajili ya haki ya kura, anaibaje kwenye mchezo wa vifuniko?

"Mimi najua mukono yangu," akanijibu bila kuinua macho. "Wale banasema mikono yabo iko safi, njo ninaogopa."

Jambo jingine lililotukasirisha ni sabuni. Wagombea wa kila uchaguzi, mdogo kwa mkubwa, walikuja dukani kwake kununua katoni za sabuni za kugawa kwa wapiga kura, naye aliwauzia. Tena aliwapandishia bei. Mke wangu alimwambia usoni kwamba anauza rushwa. Mama Prezidante hakukana. Alitoka nje ya duka, akaita kwa sauti kila aliyepita: "Mupokee sabuni! Muoge, mufue! Kisha muende kuchagua mutu munamutaka, mukiwa safi!" Wapo waliofuata ushauri wake. Wapo pia waliouza kura yao kwa kipande kile kile, kikaisha kabla mvua haijarudi, na hao nao nina hasira nao. Siwezi kuwaachia wakubwa peke yao lawama.

Sasa niseme habari ya soko, maana ndiyo iliyomwua.

Mwenye kuongoza komite ya soko la Mubi ndiye anayegawa nafasi. Yeye ndiye anayeamua nani akae chini ya paa na nani akae kando ya mtaro, ambako malori yakipita yanarusha matope juu ya mboga. Kando ya mtaro walikaa wanawake waliokimbia kutoka Masisi, wote, bila hata mmoja kuwa chini ya paa. Mkiuliza mnaambiwa nafasi zimejaa. Kiongozi wa zamani alipohamia Kisangani, ikabidi achaguliwe mwingine, na desturi ilikuwa kupanga mistari: kila mtu anasimama nyuma ya mgombea wake, wakubwa wanatazama. Uchaguzi uliotangulia, mama mmoja muuza samaki wakavu alisimama nyuma ya aliyeshindwa. Kesho yake asubuhi meza yake ilikutwa barabarani imevunjwa. Hakuna aliyejua ni nani. Kila mtu alijua ni kwa nini.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza tulimwita Patroni, mwenye malori na depo, ghala kubwa la mji, mume wa dada mkubwa wa Mama Prezidante. Wa pili alikuwa mama mmoja aliyekimbia Kalembe, muuzaji wa unga wa muhogo, mtu wa maneno machache. Sote tulimwita Mama wa Unga. Mkubwa wa utawala aliitisha mkutano, akasema: "Tutapanga mistari kama kawaida. Iko rahisi, iko haraka, na kila mutu anaona."

Mama Prezidante akasimama. "Mukubwa, wewe ukienda kuoga, unaita soko yote?"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mkubwa hakucheka. Lakini tangu siku hiyo Mama alifunga duka kila asubuhi, akaenda kukaa mlangoni pa ofisi ya Mkubwa pamoja na wanawake wa soko, wakiomba kura ya siri, mpaka mtu yule akachoka kuwaruka miguu. Akakubali. Alikubali kwa sababu aliamini Patroni atashinda kwa njia yoyote. Wakubwa wetu hupenda utaratibu mzuri pale wanapokuwa na uhakika wa jibu.

Mama alikazana na maandalizi kama mtu anayetayarisha harusi ya mtoto wake wa pekee. Mtu mmoja alishauri watu wapige kura kwa punje, maharagwe kwa Patroni, mahindi kwa Mama wa Unga. "Mu soko ya nafaka?" akamuuliza. "Kila mutu atatoka nyumbani na kura mu mufuko." Wakatumia karatasi zenye picha ya lori na picha ya kibaba cha unga, zikiwa na sahihi nyuma. Sanduku lilikuwa dumu la plastiki la maji ya kunywa, lile linaloonyesha ndani, akalipindua mbele ya watu ili waone halina kitu. Wino hatukuwa nao. Alinunua kwa muuza dawa ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomo, na kila aliyepiga kura alichovya kidole. Nani ana haki ya kupiga? Anayeuza sokoni, kwa meza, duka au depo, akashuhudiwa na majirani wake, awe wa hapa au mkimbizi.

Asubuhi ya kura lori la Patroni likaleta wapakizi wake wa depo. Mama akawauliza majirani wa meza zao ni akina nani. Hawakuwa na meza. "Murudie ku kazi," akawaambia. Hata mimi nilirudishwa nyuma, kwa kuwa siuzi kitu sokoni, na niliumia. Alinipa kazi ya kushika karai. Patroni alikuwa amewaahidi watu zawadi wakimletea picha ya karatasi yao kwenye simu, kwa hiyo kila aliyeingia nyuma ya kitenge tulichotundika ili kuficha mpiga kura aliacha simu kwenye karai langu. Patroni mwenyewe alipofika aliweka moja.

"Shemeki," Mama akasema, "yote."

Akatoa ya pili. Mama akangoja, kiganja wazi. Akatoa ya tatu, na soko zima likapiga makofi. Uso wa Patroni nauona mpaka leo. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na mdogo wa mke wake alikuwa amemgeuza kichekesho mbele ya wauza mboga. Nafikiri hapo ndipo mambo yalipoharibika, kabla hata ya karatasi ya kwanza kufunguliwa.

Tulianza kuhesabu mchana, chini ya paa la soko. Katikati ya hesabu ikaja mvua ya Walikale, ile isiyoomba ruhusa. Bati likapiga kelele hata huwezi kumsikia mtu aliye ubavuni. Mama akasimamisha kazi. Watu wa Patroni wakamsogelea, wakamwambia kwa ishara na kupiga kelele sikioni kwamba depo ya Patroni ni kavu, lori liko tayari, sanduku lipelekwe huko.

"Sanduku haitembee!" akapiga kelele.

Akaketi mbele ya dumu lile, akaweka mikono yake miwili juu ya kichwa, vidole wazi, kila mtu aione. Hakuigusa karatasi, hakujifuta maji yaliyovuja usoni pake. Alikaa hivyo mvua yote, mama mnene mwenye umri wake, mikono ikimlegea na kuinuka tena. Wanawake wa mtaroni wakaja mmoja mmoja kumzunguka. Hakuna aliyeondoka. Mvua ilipopungua akashusha mikono, akaisugua, akasema, "Tulifika wapi?" na watu mia wakamjibu kwa pamoja.

Mama wa Unga alishinda. Hakuruka, hakucheza. Alijifunika uso kwa kitenge, na aliyekuwa karibu naye alimsikia akisema, "Sasa batanifanyia nini?"

Alikuwa amejua. Kesho yake Mkubwa wa utawala alifika sokoni akiwa na polisi, akatangaza kwamba kwa ajili ya amani uchaguzi umefutwa. Mkimbizi hawezi kuongoza soko la wenyeji, na kulikuwa na makosa katika hesabu. Patroni ataongoza. Kwa ajili ya amani! Kwetu neno hilo limefanywa gunia, kila kilichooza kinatiwa humo na kufungwa kamba. Watu waliokaa kimya chini ya mvua wakahesabu kwa midomo yao wenyewe, hao ndio waliambiwa wanavunja amani.

Kilichobaki ni Mama Prezidante akiri kwamba alikosea. Walimletea karatasi atie sahihi. Akakataa. Wakampeleka kasho, chumba cha ukuta wa mawe kisicho na dirisha, sakafu ya maji. Patroni hakusema neno la kumtoa. Alimtuma mke wake. Mimi ndiye niliyembeba dada huyo kwa pikipiki, nikasimama mlangoni nikiwasikia.

"Mudogo wangu," dada akalia, "weka sahihi tu. Uyu ni bwana yangu. Unataka nyumba yangu ivunjike ju ya bunga ya mihogo?"

"Dada, nilihesabu mbele ya batu. Siwezi kuhesabu tena mu kasho."

"Hauna huruma."

"Niko nayo. Rudia nyumbani, miguu yako italowa."

Wanawake wa soko ndio waliomtoa. Hawakuandamana, hawakupiga kelele. Waliacha tu kuja. Hakuna unga, hakuna mboga, hakuna ndizi. Vijana wa machimbo wakashuka kutoka milimani wakakuta meza tupu. Madereva wa malori wakalala na njaa. Wenye hoteli wakaenda kumlilia Mkubwa. Siku chache za hivyo, wakamfungulia. Alitoka miguu imevimba, na neno lake la kwanza kwa wanawake waliokuwa wakimngojea lilikuwa kuwagombeza kwa kuacha mboga zioze mashambani. Sahihi hakuweka. Lakini Patroni hakuondolewa kwenye kiti, na Mama alitoka mle na ugonjwa wa damu kupanda ambao haukumwacha tena. Kwa hiyo msiniambie kwamba alikufa kwa mapenzi ya Mungu. Mungu hakujenga kasho lile.

Miezi iliyofuata Patroni alikuwa na ofisi, kiti na muhuri, ila hakuwa na soko. Watu waligombana juu ya nafasi wakapita mbele ya mlango wake, wakaenda kuamuliwa na Mama wa Unga, aliyekaa juu ya gunia. Yeye ndiye aliyewapanga wanawake kubeba mawe na kuufunika ule mtaro. Patroni alisimama kwenye mlango wa ofisi akiwatazama. Hata salamu walimpa, kwa heshima yote. Ilikuwa ni salamu tu.

Lipo jambo moja lililonishangaza, nami nililijua kwa kuchelewa. Siku moja nilikuwa nikimsifia Mama wa Unga, hekima yake, upole wake. Mama Prezidante akanikata.

"Unafikiri mimi nilimutaka uyo? Hajue kuongea na bakubwa. Akiona mutu wa ofisi anatetemeka. Shemeki yangu angetuletea paa mupya, anajua bote."

"Sasa, Mama, ulimupigia nani?"

Alinitazama kama vile nimemwomba avue nguo. "We mutoto wa Ngungu, hauna adabu."

Sikuwahi kujua. Dada yake anaapa kwamba alimpigia Patroni. Mama wa Unga naye hana shaka kwamba kura ile ilikuwa yake. Lakini nikifikiri kwamba huenda aliketi ndani ya maji yale ya kasho kwa ajili ya ushindi ambao yeye mwenyewe hakuutaka, nakosa pa kuiweka heshima yangu.

Nilimwona mara ya mwisho kwenye kituo cha afya. Nilikuwa nimempelekea uji aliopika mke wangu. Homa ilikuwa imemshika siku kadhaa juu ya ule ugonjwa wake, lakini asubuhi hiyo ilikuwa imeshuka. Muuguzi alinionyesha kwa kidole gumba kwamba leo ni afadhali. Nilimkuta ameegemea ukuta, analalamika kwamba shuka la jirani ni safi kuliko lake. Ndipo akaingia Patroni.

Hakuwa amekanyaga kwake tangu kasho. Alikuja peke yake, bila dereva, amebeba mwenyewe chungu cha supu ya kuku kilichofungwa kwa kitambaa. Amekonda, nikaona. Alisalimu, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Nilitaka kutoka. Mama akaniambia nibaki.

Alikula. Patroni alimshikia bakuli, akampa kijiko kwa kijiko, naye akala kama mtu anayelishwa na ndugu, na ni kweli alikuwa ndugu. Waliongea habari za watoto, za barabara, za lori lililoanguka. Kisha supu ikaisha, na Patroni akabaki ameshika bakuli tupu, analizungusha mikononi.

"Shemeki," akasema polepole. "Mambo yalipita. Tuko famiya. Hapa hakuna batu. Semaka tu ile neno, moyo yangu itulie. Kama ile mvua haingekuya… kama mulihesabu muzuri… mimi njo nilishinda. Hapana?"

Nilimwona anavyosubiri. Alikuwa na kila kitu, malori, depo, kiti, Mkubwa mfukoni, na alikuwa amekuja kumwomba mgonjwa kitu kidogo alichobakiza. Nilimchukia. Wakati huo huo niliogopa, kwa sababu Mama alikuwa amemshika mkono, na uso wake ulikuwa umelainika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Supu iko muzuri sana," akasema. "Umwambie dada asante. Na wewe asante ya kunilisha."

"Ndiyo, shemeki."

"Lakini ulipoteza."

Mama akamwomba amwinulie mto. Patroni akaweka bakuli chini, akamwinua mabega kwa uangalifu, akaupanga mto, akamlaza. Mama akageukia ukuta, akafumba macho, na kwa vile nilivyomjua, mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Tulitoka pamoja. Uani kulikuwa na jua kali na matope yanayokauka. Patroni alisimama kando ya pikipiki yangu, chungu kitupu mkononi, akatazama mlango tuliotokea. Kisha akanigeukia, mimi dereva ambaye jina langu hakuwahi kulijua.

"Kaka," akasema, "alisema vile ju ya homa. Hapana?"

"Hapana, Papa," nikamwambia. "Homa ilimuacha tangu asubuhi."